Dawa ya Woga ya Nyumba Nzima

Mimi sikwenda hospitali kwa hiari. Nilikwenda kwa sababu mchana kweupe nilijikuta nimelala chini ya cherehani yangu, mteja amesimama mbele yangu na kitambaa chake mkononi. Pikipiki ilikuwa imepita barabarani ikatoa mlio, pa! Basi. Mteja akaniuliza kama nimeangusha sindano. Nikamwambia ndiyo, nikajifanya naitafuta mpaka alipochoka akaenda zake.

Tulikuwa tumerudi mjini kwetu, Palma, mimi, mama yangu na binti yangu wa miaka sita. Wakati wa kuwakimbia watu wenye bunduki walioushambulia mji, tulipita porini kwa miguu hadi Nhica do Rovuma, mama mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Watu walituambia tushukuru, tumerudi wazima. Wazima gani, jamani, na mikono yangu ilikuwa haiwezi hata kutunga uzi?

Hospitalini kuna bwana anayewahudumia wagonjwa wa akili, tunamwita tekniko. Akanipa mfuko wa vidonge vya mwezi. “Kimoja tu, senyora, ukishaswali magharibi. Usizidishe, na usimpe mtu.” Hilo la mwisho likanichekesha. Kwetu dawa ya malaria au ya kikohozi hutoka nyumba hii ikaenda ile kama chumvi, na anayenyima huitwa mchoyo. Lakini hizi ningempa nani? Nilizificha kwenye mkebe wa vifungo, kwa aibu.

Mwanzoni niliviogopa vidonge vyenyewe. Kinywa kilikauka, mikono ikawa mizito, na nikawaza labda hii ndiyo njia ya kuwa chizi kabisa. Siku moja nilikitafuna badala ya kukimeza, ulimi ukafa ganzi, nikalia nikidhani napooza. Ila baada ya wiki kadhaa nilishona pindo moja refu likanyooka. Nikaendelea kunywa, na kila mwezi nikaenda kuchukua vingine.

Mama aliuona mkebe. “Vya nini hivi?”

“Vya woga.”

“Vinafaa?”

“Vinafaa, mama.”

Akaufunika, akaurudisha mahali pake. Nikafurahi kwamba hakunisema. Mjinga mimi.

Siku moja nilikwenda kijiji cha Olumbi kupeleka sare nilizoshona. Niliporudi alasiri nikakuta mama amemwita mwalimu wa madrasa atuandikie kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikasuuzwa kwa maji ya marashi, na watu wa nyumba wakayanywa kwa kinga. Nimeyanywa tangu utoto. Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Mama akanipa kikombe, nikapiga funda moja.

Chini ya marashi palikuwa na uchungu. Kisha ulimi ukafa ganzi, na ganzi ile niliijua.

“Mama, umetia nini humu?”

“Vile vyako vya woga. Nimevisaga vyote. Dua na dawa vifanye kazi pamoja.” Alisema hivyo kama mtu anayesema ameongeza nazi kwenye mchuzi.

“Vyote?”

“Kwani woga ni wako peke yako? Mtoto naye anashtuka, hujamwona? Kanywa vikombe viwili, kapenda marashi.”

Binti yangu alikuwa amelala mkekani. Nikamwita. Nikampiga makofi mashavuni. Akafumbua macho, yakazunguka, yakafumba. Niliweka kiganja kifuani pake na moyo ulikuwa unakwenda mbio, sijapata kuona moyo wa mtoto ukienda vile. Yarabi, niliogopa! Ule woga wa pikipiki ulikuwa mchezo.

Nikamfunga mgongoni kwa kitambaa changu cha kapulana, mkubwa vile, miguu inaning'inia, nikatoka mbio. Tangu turudi nilikuwa nazunguka uchochoroni ili nisipite kwenye kizuizi cha wanajeshi, maana nikiona bunduki nageuka nilikotoka. Siku ile niliwapita katikati, napiga kelele, “Mwanangu! Mwanangu anakufa!” Mmoja akanyoosha mkono. Sikusimama. Mama alikuwa nyuma yangu, miguu mitupu, kashika ule mfuko mtupu wa vidonge.

Hospitalini wakauliza vilikuwa vingapi. Mama akasema kumi na moja. Mtoto kanywa kiasi gani? Hakuna aliyejua. Wakampitishia dawa nyeusi kwa mpira wa puani, wakamtundikia maji, wakawa wanausikiliza moyo kila mara. Wakatuambia tukae nje tusubiri.

Nilikaa benchini na hasira imenijaa. Nikamwambia mama, “Akifa, mimi sina mama.” Wallahi nilisema hivyo. Mama aliuangalia mlango tu.

Asubuhi binti yangu alifumbua macho akasema ana kiu. Nililia hadi kamasi, sikuona haya. Tekniko akaja, akampima, kisha akanigeukia. Nikamwambia nilionja funda moja tu. Akamgeukia mama.

“Na wewe, bibi, ulikunywa kiasi gani?”

“Sikunywa.”

Nikageuka kumtazama. Hasira ikapanda upya. Atunyweshe sisi, yeye asinywe?

“Kwa nini hukunywa?” tekniko akauliza.

Mama akajibu taratibu, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. “Huyu akimeza kidonge chake hasikii hata akiitwa. Mtoto naye angelala. Wakija tena watu wale waliotukimbiza, nani atawaamsha? Lazima mmoja akae macho.”

“Tangu lini unakaa macho, bibi?”

Akahesabu kwa vidole. Ilikuwa miezi mitano, sawasawa na muda niliokuwa nameza vidonge vyangu. Miezi mitano nimelala, naamka, nashona mapindo yaliyonyooka, nawaambia watu napona, na mama yangu usiku kucha kakaa mlangoni.