Majibu Niliyomwandikia Fundi Cherehani

Jumanne, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, nilikuwa nikianua nguo mama alipotoka na simu mkononi akaniambia fundi amekufa. Ni yule dada fundi cherehani wa chumba kinachotazamana na chetu hapa Magogoni, na wengi wenu mnaosoma safu hii kwenye gazeti la shule mmevaa sketi zilizopita mikononi mwake. Sukari ndiyo iliyomuua. Sikulia. Nilianua zote, nikakunja hata soksi, kwa kuwa nilijua nikisimama nitalikumbuka lile daftari.

Nilikuwa darasa la saba. Fundi alikuwa amefunga ndoa ya serikali na mzungu mmoja aliyetaka kibali cha kuendelea kukaa nchini. Hawakulala chini ya paa moja hata siku moja. Walipoitwa uhamiaji kuhojiwa, kila mmoja chumba chake, fundi alinijia mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nikawaandikia maswali na majibu kwenye daftari langu, nakala mbili, wakariri. Siku ya siku akaulizwa mumewe hunywa nini asubuhi. Akajibu chai ya tangawizi isiyo na sukari nyingi, na mahamri mawili. Yule bwana alikuwa ameshasema vivyo hivyo, neno kwa neno, kwa Kiswahili chake cha kubabaika. Afisa, mama mtu mzima, alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia, "mimi na wangu tuna miaka ishirini, na juzi tumegombana kama anapenda tangawizi au hapendi." Fundi mwenyewe ndiye aliyetusimulia, nasi tukacheka naye.

Kicheko hakikudumu. Bwana alirudishwa kwao. Fundi alishtakiwa kwa kutoa maelezo ya uongo, akapewa kifungo cha nje, akawa anafagia uwanja wa ofisi ya chifu huku wateja wake wakipita. Mahakamani hakunitaja. Lakini kilichomchosha zaidi ni kile cheti cha ndoa. Alipompata mtu wake wa kweli, kuli wa bandarini, mchungaji alikataa kuwafungisha. Kuli akaenda kuposa, baba yake fundi akasema hawezi kupokea mahari ya mke wa mtu. Wakili akaeleza kwamba ndoa ya udanganyifu si ndoa, ila lazima mahakama itamke hivyo. Basi ikawa ni kuahirishwa tu: leo faili halionekani, kesho yule bwana hajapatikana kupewa hati. Miaka mitatu. Watu husema ni karatasi tu, nami nimechoka kulisikia neno hilo. Karatasi hiyo ndiyo iliyowakalisha benchi la nyuma kanisani kila Jumapili, wenzao wakienda kushiriki meza ya Bwana.

Jumanne hiyo hiyo magharibi kaka yake marehemu akafika kutoka Changamwe kupanga mazishi. Akaniita, tena kwa ajili ya mwandiko, niandike wasifu utakaosomwa kaburini.

"Hapo kwa ndoa, binti, andika aliolewa kwa cheti. Huyu mwingine usimtie. Mahari yake hatujaipokea."

Kuli alikuwa ameketi mlangoni, mfuko wa dawa za marehemu bado mkononi. "Shemeji, mimi sidai kitu," alisema polepole. "Cherehani chukueni. Nataka nitajwe tu."

"Utajwe kama nani?"

Kuli akautazama ule mfuko wa dawa. Nami nikainamia kalamu, kama kawaida yangu. Nilifikiri kwamba nikiwa mdogo niliandika mambo nisiyoyaona, na aliyeyalipia si mimi. Sasa nilikuwa naambiwa niyaandike tena, na safari hii fundi mwenyewe hayupo wa kunificha.

Asubuhi iliyofuata sikuandika mume, wala sikuandika cheti. Niliandika kwamba kwa miaka mitatu marehemu aliishi na mtu aliyemdunga sindano kila alfajiri kabla ya kwenda bandarini, na ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani siku alipozidiwa. Nikaandika na jina lake, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Halafu mimi, ambaye darasani hata nikijua jibu sinyanyui mkono, nikamwendea kaka yake kabla hajanywa chai, nikamsomea kwa sauti. Akaniuliza nani ameniambia hayo.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Mlango wao unatazamana na wetu. Niliona mwenyewe.