Santuri Niliyoisikiliza Polepole

Jumapili ya mwisho ya kila Desemba, sisi wapenzi wa roki nzito tunakutana kwenye soko la nyama la Burma, nyuma ya bucha ya rafiki yangu. Kila mtu anakuja na santuri aliyoipenda kuliko zote zilizotoka mwaka huo. Hatujazi hata meza mbili. Sheria ni kwamba upande mzima unasikilizwa mpaka sindano ifike katikati, na hakuna kuongea. Nyama inaliwa, ila mdomo ni wa kutafuna tu. Mwishowe tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mwenye santuri iliyoshinda anapewa ubavu wa kwanza kutoka jikoni. Wapita njia wakisikia yale magitaa hudhani msumeno wa kukatia mifupa umekwama.

Mwaka huu nilikuwa na jambo jingine la kuamua. Mke wangu alifariki Januari. Tangu hapo nimesikiliza kila santuri iliyonifikia, na hakuna iliyoniingia. Silalamiki, nasema tu ilivyokuwa. Nilikwenda kazini Baba Dogo, kwenye kiwanda cha mabeseni, nikarudi Huruma, nikapanda ngazi, nikaweka santuri, nikakaa. Ilikuwa kama kunywa chai ukiwa na mafua: unajua sukari imo, basi. Kisha akatokea mtu mwenye baa mpya upande wa pili wa mji, akataka kununua santuri zangu zote, apambe nazo ukuta. Mwenye bucha ndiye aliyetuunganisha, wala hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia yule mtu asubiri. Nikifika Burma na santuri moja ninayoipenda kweli, siuzi. Nisipokuwa nayo, aje na gari Jumatatu.

Roki nzito nilifundishwa na mashine. Nilianza kazi kiwandani nikiwa kijana, na wenzangu wakitoka pale walitaka rumba, kitu cha kuwapoza. Mimi nilitaka kelele ileile, ila iliyopangwa. Mashine hizo pia zilinipa mikono inayotetemeka, hasa ya kulia, na mkono unaotetemeka ni adui wa santuri. Sindano ikishushwa vibaya inachora mstari usiofutika.

Kwa hiyo nyumbani kazi ya gramafoni tuligawana. Mimi nilitoa santuri kwenye jalada, nikaipangusa kwa kitambaa, nikampa mke wangu, nikaenda kukaa. Yeye alisoma maandishi madogo ya katikati, maana macho yake yalikuwa mazuri na mimi miwani yangu naiona ugonjwa kuivaa. Alisukuma swichi ya mwendo iliyo ubavuni mwa gramafoni: mizunguko thelathini na tatu kwa dakika kwa santuri nyingi, arobaini na tano kwa zile chache zinazotaka kuzunguka haraka. Kisha akashusha sindano taratibu, kama anamfunika mtoto. Mara nyingi alikuwa ametoka kukanda unga wa chapati, na nilimgombeza kwa unga aliouacha kwenye mbao za gramafoni. Alinijibu kwamba kelele zangu zikichanganyika na unga huenda zikalainika.

Yeye mwenyewe alipenda kwaya za kanisani. Lakini kila santuri aliitolea hukumu akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na hukumu zake zilikuwa fupi. "Huyu ana njaa." "Huyu hakuchapwa akiwa mdogo." Wataalamu wanaandika kurasa nzima na hawamfikii. Santuri niliyokwenda nayo Burma kila Desemba ilikuwa imepita kwake kwanza, ingawa mbele ya wenzangu sikuwahi kukiri.

Za mwaka huu zilikuwa nzuri, nadhani. Kulikuwa na ya watu watatu wa nchi ya baridi, gitaa safi, kila kitu mahali pake. Niliisikiliza kama mtu anayesoma tangazo kwenye ofisi ya chifu. Kulikuwa na ya vijana wa Botswana wanaovaa ngozi nyeusi kwenye jua kali, na mpiga dramu wao si mchezo. Mwaka mwingine ningesimama. Niliutazama mguu wangu, nao ulikuwa umetulia sakafuni kama wa meza. Kulikuwa na ya vijana wa Kayole, wanaoimba Kiswahili kuhusu maji yanayokatwa na kodi inayopanda, waliochangiwa na mtaa mzima mpaka santuri yao ikachapishwa ng'ambo. Hiyo niliisifu kila nilipoulizwa, kwa sababu ilistahili, na niliporudi nyumbani niliiweka kwenye rafu bila kuigusa tena.

Halafu ikafika moja yenye jalada jeusi tupu, bila picha. Nilishika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama nilivyozoea sasa, nikashusha sindano. Gitaa likatoka zito na la polepole sana, kama jirani wa ghorofa ya juu anayeburuta kabati. Akaja mwanamume mwenye sauti nene, akiimba kana kwamba kila neno analitoa kisimani. Sikufurahi. Lakini yule bwana hakunitaka nifurahi, hakuharakisha, hakunipa pole. Upande ulipoisha nikaurudia. Kesho yake nikauweka tena, na kesho yake.

Mama wa ghorofa ya chini yangu, Mswahili ambaye wazazi wake walitoka Mombasa na ambaye sote kwenye jengo tunakula mahamri yake, alipanda ngazi asubuhi moja kunijulia hali. Alibeba mahamri na mbaazi, kama alivyofanya tangu matanga. Aliketi, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Jirani, huyo bwana aimbaye ana nini? Mbona kama ahitaji daktari?"

Nikamwambia ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Akasema haya, lakini mke wangu angemtoa nje. Aliponiuliza kama nalala, nilisema nalala. Ilikuwa kweli. Nililala sana mwaka huo.

Basi Desemba ilipofika nilikuwa na jibu. Siwezi kusema niliipenda ile santuri nyeusi kama nilivyopenda nyingine zamani, lakini ndiyo pekee iliyokaa nami. Nilijiambia hiyo inatosha, nikaenda Burma nayo chini ya kwapa.

Wenzangu walikuwa wameshafika. Mwenye bucha alikata maini, akayaweka kwenye kisahani kando, kama alivyofanya miaka yote, kwa kuwa mke wangu alizoea kuja nami na nyama ya mbavu hakuiweza. Kisha akakumbuka. Alisimama na kisahani mkononi, halafu akakisogeza mbele yangu, nami nikayala. Tulisikiliza za wengine. Zamu yangu ilipofika nikawaeleza kwa ufupi kwamba hii ni ya bwana mmoja mwenye sauti ya kaburini, wasiwe na haraka naye.

Mwenye bucha akapangusa mikono, akaisoma santuri katikati, akaiweka kwenye gramafoni yake. Gitaa likaruka. Dramu zikaja mbio nyuma yake, na mwanamke akaanza kuimba, sauti kali, karibu anacheka.

Nilivunja sheria. Nilisema mashine yake imeharibika, inakimbia, azime kabla haijaniharibia santuri. Akainua sindano, akaisoma tena, akanisogezea.

"Buda, hii ni ya forty-five. Wewe umekuwa ukiiskiza na speed gani?"

Nikamwomba mmoja miwani yake. Yalikuwa pale pembezoni mwa karatasi ya katikati, maandishi madogo kama sisimizi, arobaini na tano. Nikamrudishia miwani yake. Swichi nilijua ipo, tatizo halikuwa ujinga. Ilikuwa kazi ya mke wangu kwa miaka mingi hata ikatoka kichwani mwangu, na mwaka mzima santuri nyingine zote zilikuwa za thelathini na tatu, kwa hiyo hakuna kilichonishtua.

Mzaha ukaanza, kama ulivyopaswa. Mmoja wao, fundi wa magari ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Yaani mzae umemzika msichana wa watu akiwa hai."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa makaburini nasi Januari, na fundi mwenyewe alishika koleo la kufukia kaburi. Aliinamia nyama yake. Mwenye bucha akarudisha sindano mwanzo, tukaisikiliza yote kwa mwendo wake, na ikawa santuri ya mtu nisiyemjua. Kura zikaenda kwa vijana wa Kayole, na kwa haki.

Tulipokuwa tukiagana mwenye bucha aliniuliza amwambie nini yule wa baa. Nikasema santuri niliyoipenda haipo, haijawahi kuchapishwa, kwa hiyo aje tu. Niliyasema kwa utulivu. Sikuhisi chochote, na hilo nalo sikulihisi.

Jumatatu asubuhi nilianza kupanga santuri kwenye maboksi ya mabeseni niliyoyatoa kazini. Za zamani kwanza, kisha za mwaka huu. Nilipofika kwenye ile nyeusi nikaona si vizuri kuiuza bila kuisikiliza hapa nyumbani jinsi ilivyo. Nikaiweka. Nikavaa miwani, nikainama kutafuta swichi.

Juu yake kulikuwa na unga. Donge dogo la unga wa chapati, limekauka likawa gumu, na ndani yake mistari ya kidole ikionekana vizuri. Lilikuwa pale tangu alipoisukuma mara ya mwisho, Krismasi ya kabla hajafariki, akitoka jikoni. Dada zake walikuwa wameshagawana leso na viatu vyake baada ya matanga, kama desturi, nami nikawafungulia kabati wachukue. Sikuwa nimebaki na kitu. Nilikuwa nimebaki na hiki, na mwaka mzima nimepitisha mkono karibu nacho.

Swichi ile ni ngumu, haisogei bila kubonyezwa. Nikiisukuma, donge linavunjika. Nikiiacha, nyumba hii itabaki kuwa ya thelathini na tatu. Nilisimama pale miwani ikianza kuingia ukungu, na simu ikalia. Alikuwa mwenye bucha, akisema yule wa baa ameshatoka na gari, anauliza aingilie wapi.

"Mwambie arudi," nikasema. "Siuzi."

Hakuuliza kwa nini. Akasema sawa, akakata.

Nikaweka kidole changu juu ya unga, pale alipoweka chake, nikasukuma. Ukapasuka ukaanguka kwenye mbao, chembe chache nyeupe za aina niliyokuwa nikimgombeza kwayo. Nikashika mkono kwa mkono, nikashusha sindano. Yule mwanamke akaanza kuimba kwa kasi, na nikasikia wazi, kutoka mlangoni mwa jikoni ambako hakukuwa na mtu, hukumu ambayo angeitoa: huyu ametoroka nyumbani.

Hapo ndipo iliponiuma. Ilikuja yote kwa pamoja, Januari hadi Desemba, nikakaa sakafuni kati ya maboksi nikalia kwa sauti, na chini yangu nikasikia mama wa mahamri akisogeza kiti. Nililia mpaka upande ukaisha. Sindano ilifika katikati ikabaki ikikwaruza, ikikwaruza, ikingoja mtu wa kuiinua. Nikainuka, nikaiinua mwenyewe.