Mwalimu Anadhani Mikono Yake Imeisha, Kumbe Ni Mimi Niliharibu Steering

Admin, jina langu ficha kabisa, na ya garage pia, juu hapa Karatina tunajuana wote.

Niko na miaka 24, sijaoa, mimi ni fundi wa magari. Shule ya ufundi sijaenda. Nilianza nikiosha magari, nikaanza kuangalia video za hybrid, zile gari za petroli na umeme, kwa simu, mpaka nikanunua scanner ya mtumba. Mafundi wazee wa hapa wakiona hybrid wanaitoroka kama nyuki, so watu wakaanza kuniita Injinia. Hiyo jina ilinipanda kichwa, siwezi danganya.

Kuna mama nitamuita Mwalimu, juu alifundisha primary mpaka akastaafu. Ako na 68, mzee wake alikufa, watoto wako Nairobi. Anakaa huko juu kwa mashamba ya majani chai. Alinunua hybrid ndogo na pesa yake ya kustaafu, na hiyo gari ndio miguu yake. Kanisa, soko, na kila wiki mbili anateremka Mwea kuona dada yake mgonjwa. Watu walimwambia asiniletee gari. Akawajibu, "Hata nyinyi kuna mtu aliwapea kazi ya kwanza." Akaniletea.

Sasa siku moja ya soko aliniachia gari nibadilishe oil, akaenda kununua viazi. Hapo nje kukazima canter, lori imejaa kabichi. Dereva akanijia mbio.

"Fundi, nisaidie na betri. Wanunuzi wananingoja."

Nikamwambia sina betri, iko tu hii hybrid ya mtu.

Akacheka. "Ati Injinia. Kumbe wewe ni injinia wa simu tu, hata kushtua gari huwezi?"

Watu wakacheka pia. Na mimi nilijua. Nilikuwa nimeona kwa video mara kumi, betri ya kuwashia ya hybrid ni kadogo, sio ya kuwasha canter ya diesel. Lakini nilisikia hicho kicheko, nikachukua waya za jampa, nikaunganisha hizo betri mbili haraka haraka. Cheche ikaruka. Canter ikawaka, dereva akanipea kabichi mbili, akaenda.

Kuwasha gari ya Mwalimu, taa ya steering ikawaka kwa dashibodi na steering ikawa nzito kama imesimikwa kwa simiti. Hizi gari steering inasaidiwa na mota ya umeme, na ile cheche ilikuwa imeiharibu; ikikufa unapigana na matairi na nguvu yako mwenyewe. Nikaweka scanner, ikaonyesha code ya hitilafu, nikaifuta, steering ikawa nyepesi. Nikazunguka nayo kidogo, taa ikarudi. Nikapigia mtu wa spea Nairobi, akaniambia mota ya kutoka Japan ni elfu hamsini na tano, kazi kando. Sikuwa nayo. Na Mwalimu huyo anakuja na viazi zake.

Nikafungua dashibodi, nikabandika tepu nyeusi juu ya hiyo taa kwa ndani. Nikafuta code tena. Nikamwambia, "Mwalimu, iko sawa." Akanishukuru.

Nilijiambia nitatafuta pesa nimuite. Wiki ikapita, ikawa mwezi. Kila akinipita anapiga honi, mimi napunga mkono.

Alafu akitoka Mwea, kwa kona ya kuingia kwao, steering ilikataa. Gari ikaingia kwa nepia ya jirani, ile nyasi ya ng'ombe, akavunjika mkono ya kulia. Kijana yake akakuja akachukua funguo, akaniletea gari. "Nyoosha bampa, kuna mtu anakuja kuinunua Jumamosi. Mathe amezeeka, atakufa na hii kitu." Nikaweka scanner. Code ni ile ile ya siku ya kabichi.

Nilienda kumuona. Alinipakulia mukimo na mkono ya kushoto, akakataa nimsaidie. Akaniambia, "Injinia, nilizungusha ikakataa kunisikia. Nikajua ni hii mikono imeisha. Watoto wangu wako na haki, sifai barabarani. Na shukuru Mungu wewe uliitengeneza vizuri, bila hiyo ningekuwa nimekufa." Nikaanza kulia. Akafikiria nalia juu ya mkono yake. "Wacha hiyo kilio, kijana yangu. Ni gari tu." Dada yake hajamuona tangu hapo, anangoja siku kijana yake atapata nafasi ampeleke.

Niliuza pikipiki yangu, nikanunua hiyo mota. Jana nimeifunga, nikatoa tepu, steering sasa unazungusha na kidole moja. Mwenye kununua hatapata shida. Rafiki yangu tunayeshare naye garage, yeye peke yake anajua, akaniambia, "Wewe nyamaza. Gari imepona, mama ako hai, unataka nini tena? Ukisema, hakuna mtu ataleta hata baiskeli hapa."

Ako na ukweli. Lakini gari ndio imepona. Yule mama anaketi kwake akiangalia mikono yake, na anaamini imeisha, na mimi ndiye peke yangu najua haijaisha. Nikinyamaza mpaka Jumamosi, gari inaenda na Mwalimu hataendesha tena maisha yake yote, juu ya uongo yangu.

Leo ni Alhamisi. Nimeandika message ya kumwambia mara nne, nikafuta zote, juu hii sio kitu ya message. Na kijana yake ni mtu mkali, anaweza kunifunga.

Nyinyi mnaosoma hapa, mnitukane kama mnataka, nimestahili. Lakini mniambie pia, nimuendee yeye kwanza ama nianze na kijana yake? Na nikifika kwa huo mlango, neno ya kwanza niseme nini?