Tozo Ambayo Binti Yangu Hakunifikishia

Admin, ukiweka kisa hiki, jina langu lifiche. Ifakara kila mtu ni ndugu wa mtu.

Mimi ni mzee wa miaka 57, mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Nilitoka Mahenge kijana, nikaja kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, na tangu hapo nimelala katika nyumba za kampuni. Nikistaafu, miaka mitatu ijayo, nakabidhi funguo. Ndiyo maana nilichukua mkopo benki, nikanunua nyumba Lipangalala, hapo Ifakara, nikapanga deni liishe mwezi nitakaostaafu. Kila nikienda kuiangalia, basi likishaacha Sanje moyo wangu hutangulia. Ni kuta za kwanza maishani mwangu ambazo hakuna meneja wa kunitoa.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, anafanya kazi benki nyingine, kitengo cha mikopo. Mwaka jana alileta wazo kwamba nihamishie mkopo kwao kwa sababu riba yao iko chini.

Nilivyolelewa mimi, baba mkwe na mkwe hawasemezani mambo ya fedha uso kwa uso. Maneno hupitia kwa binti. Kwa hiyo mkwe alikaa barazani kwangu, mimi ndani, na binti yangu akawa anapita mlangoni na maneno ya huku na ya kule.

"Muulize mwenzako," nilimwambia, "benki ya zamani haitanikata kitu nikiondoka kabla ya muda?"

Akatoka, akakawia. Akarudi anacheka. "Baba nawe! Anasema wewe saini tu, riba inashuka. Umezidi kusoma magazeti."

Niligundua kuwa hilo halikuwa jibu la swali langu. Lakini kurudia swali ni kumwambia mkwe kwamba ni mwongo. Mkataba mpya niliusoma ukurasa kwa ukurasa, nikasaini. Ule wa zamani sikuugusa, na tozo ilikuwa humo: anayemaliza mkopo mapema, ndani ya miaka iliyotajwa, hukatwa asilimia ya deni lililobaki, kufidia riba ambayo benki itaikosa. Miaka hiyo ilikuwa inakaribia kuisha. Ningesubiri tu masika yapite, nisingekatwa hata senti.

Benki mpya ililipa tozo ile, ikaiongeza kwenye deni langu pamoja na gharama zake. Ili rejesho la mwezi lisipande, muda ukarefushwa. Sasa deni linavuka siku yangu ya kustaafu, na kiinua mgongo kisipoliziba, nyumba itauzwa.

Nilimfuata binti yangu kwake. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha.

"Baba, siku ile aliniambia kuna tozo. Mimi ndiye sikukufikishia."

"Kwa nini, mama?"

"Angepata kamisheni kwa kukuleta. Watoto walitakiwa ada. Wewe unahitaji vyumba vingapi, baba? Uko peke yako."

Nilisema nitakwenda kwa wakubwa wa mumewe. Jioni ile mkwe alikuja Kidatu na mkewe, akaingia mpaka ndani, akakaa mbele yangu. Hakuniamkia. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, alinitazama machoni.

"Mzee, kushitaki ni haki yako. Mimi nitafukuzwa, wajukuu zako watarudi nyumbani kutoka shule. Ila kabla hujaenda, jiulize nani atakuzika."

Akaondoka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, pale pale anaposimamaga kupeleka maneno. Safari hii hakuwa na la kupeleka.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini. Nikisema, nawanyima wajukuu chakula. Nikinyamaza, nyumba yangu ndiyo itakayolipia uongo wao. Na kama yupo anayejua namna ya kumjibu mkwe aliyeuliza vile, anifundishe. Ndoto ya kuta zangu imehama, lakini lile swali bado limekaa kwenye kiti alichokaa.