Petroli Aliyowekewa Bibi

Mwezi uliopita nilitumwa kwa fundi seremala wa Magomeni kufuata viti vya nyumbani, nikamkuta anapaka vanishi. Harufu ile iliniingia puani, ikashuka kooni, na kabla sijasema hata shikamoo machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Fundi akaniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nikamwambia ndiyo, maana ni rahisi kuliko kumweleza mtu kwamba unalilia petroli.

Ninyi nitawaeleza.

Babu yangu alikuwa na Pijo 404. Hapo zamani ilikuwa nyeupe. Nilipoijua mimi ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama Kilosa, na ndiyo aliyokwenda nayo Mikumi kumchukua Bibi walipooana. Nyumbani Pijo ilikuwa na heshima zake. Kuku hawakuruhusiwa kulala chini yake. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuubamiza mlango wake, ingawa bila kuubamiza haukufungika. Na kiti cha mbele kilikuwa cha Bibi. Mimi nilikuwa mke mdogo wa Babu, kama utani wa babu na mjukuu unavyotaka, kwa hiyo kila nilipokikalia ungemsikia Bibi kutoka jikoni:

"Mke mwenza! Teremka hapo. Mahari yako kalipa nani?"

"Babu kasema wewe umezeeka!"

"Nimezeeka na hicho kiti. Nenda nyuma!"

Kwenye mafuta, Babu alikuwa mchaguzi kuliko mama anayemchagulia mwanawe mchumba. Injini ile, alisema, ilizaliwa wakati petroli ina risasi ndani yake, na risasi ndiyo iliyokuwa inazilinda vali zisiliwe. (Kwa muda mrefu niliamini ndiyo sababu ekzosi ilikuwa inapiga mizinga.) Petroli ya siku hizi aliiita maji ya kusuuzia kikombe. Siku za kawaida alijaza hiyohiyo ya sheli, akaichanganya na oili kidogo, huku akiiomba injini radhi kwa sauti. Lakini stoo, nyuma ya magunia ya mpunga, kulikuwa na dumu la chuma lenye petroli ya zamani, mfuniko wake umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Alilificha humo tangu petroli ya risasi ilipokoma kuuzwa, mimi sijazaliwa. Hata Shangazi alipoolewa Dumila na ukoo mzima ukasafiri, dumu halikuguswa.

"Unaiwekea nini, Babu?"

"Siku yake."

Nilikuwa darasa la nne Bibi alipolazwa Mikumi. Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu mavuno, akakonda mpaka khanga ikawa inamzunguka kama bendera kwenye mlingoti. Asubuhi moja Shangazi, aliyekuwa anamuuguza, alipiga simu: daktari amesema Bibi arudi nyumbani akapumzike. Nikaruka juu. Kapona! Nikashangaa watu wazima wa nyumba ile walivyo na roho ngumu, hakuna mwingine aliyeruka. Baba Mdogo Idi alikwenda kunawa uso uliokuwa msafi.

Shangazi alisema ameshapata Noah ya kumleta. Bibi akaomba simu, akataka aongee na mimi.

"Mwambie mume wetu," alisema, sauti nyembamba kama uzi, "mimi kwetu nilitolewa na Pijo. Noah sipandi."

Shangazi akarudi hewani. Akasema mgonjwa hawezi kukaa sana kwenye benchi. Alasiri ikifika Pijo haijaonekana, anampakia kwenye Noah, akasirike asikasirike.

Nikamfikishia Babu ujumbe wote. Aliingia stoo, akatoka amelikumbatia dumu.

"Baba, hiyo imekaa sana," alisema Baba Mdogo Idi. "Na sheli tunapita mbele yake."

"Akiba haiozi."

"Hata mahindi ya akiba yanaliwa na dumuzi, Baba."

"Idi. Leo namfuata mama yako. Unataka gari nilinyweshe maji ya kikombe?"

Idi akalifungua tangi. Babu akamimina. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake haikupiga kichwani kama petroli. Ilikuwa nzito, na utamu kidogo. Nikasema inanukia kama kabati jipya. Babu akasema vitu vizuri ndivyo vinavyonukia.

Tukapita sheli. Babu akampungia mkono kijana wa pampu, kwa fahari kabisa, kama mtu anayetoka kula kwake.

Mwanzoni yale mabaki ya tangini yalitusogeza. Halafu Pijo ikaanza kukohoa, ikashtuka, ikavuta miguu, na tulipofika Ulaya ikazimika. Ulaya ni kijiji, msishtuke, kiko njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Mimi ni miongoni mwa Watanzania wachache waliowahi kukwama Ulaya bila pasipoti. Niliwatania hivyo pale barabarani na hakuna aliyecheka.

Baba Mdogo alifungua boneti, akafungua kabureta, akaingiza kidole. Kikatoka na utandu wa kahawia, unanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Alimwonyesha baba yake. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. Babu alikinusa kile kidole, akakaa kwenye jiwe la pembeni mwa barabara, kofia mkononi.

"Nilimwekea yeye," alisema. "Nilimwekea yeye, Idi."

"Najua, Baba."

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Idi alilimwaga tangi lote, akasafisha kabureta kwa fulana yake, akanunua petroli ya chupa za soda kwenye kibanda. Ya siku hizi. Babu mwenyewe ndiye aliyeimimina, na safari ile hakuiomba injini radhi. Pijo ilitoa moshi mweupe, ikapiga chafya, ikawaka.

Tulipofika hospitali, mabegi yalikuwa yameshaingizwa kwenye Noah na mlango wake uko wazi. Bibi alikuwa bado kwenye benchi, ameushika mguu wa benchi kama mtoto anayekataa kwenda shule, na Shangazi amesimama mbele yake, amechoka kubembeleza.

"Umechelewa," Bibi alimwambia Babu.

"Nimechelewa, mama."

Alimbeba peke yake. Bibi alikuwa mwepesi hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, makusudi, nikisubiri kufukuzwa. Bibi alinitazama.

"Kaa tu, mke mwenzangu. Mimi nitalala huku nyuma."

Nikashangilia. Mungu anisamehe, nilishangilia.

Shangazi akatangulia na Noah. Idi akakaa nyuma amempakata mama yake kichwa, na Babu akaendesha mwendo ambao sijauona tena. Baiskeli zilitupita. Akatupita mama mwenye ndoo kichwani. Nikageuka nyuma: "Bibi, mume wetu leo kabeba mayai!" Bibi akacheka, kicheko kikakatikia kwenye kikohozi, akaomba Babu asimame kidogo aangalie mpunga wa watu. Babu akasimama. Mbele tena akasimama bila kuombwa.

Bibi hakuumaliza mwezi ule.

Mimi nilidhani Babu anaogopa injini isizimike tena, na nilimcheka njia nzima. Lakini injini haikuwa na tatizo. Hata mimi nilisikia inavyonguruma kwa kutulia. Sasa nipo kidato cha tatu, fizikia napata alama za aibu, ila hili limeniingia bila mwalimu: mtu anaweza kuwa na petroli safi, injini nzima na barabara kavu, na bado asitake kufika.