Panga la mzee wa Igamba

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tunduma, mzee mmoja kutoka Igamba alinunua panga la kusafishia migomba. Mama muuzaji akaanza kulifunga kwa gazeti.

"Liache hivyo hivyo, mama."

"Baba, siku hizi boda hawapakii mtu mwenye panga wazi. Wanaogopa."

Mzee akajishika kifua. "Waniogope mimi? Nimefundisha Kilatini seminari mpaka nimezeeka!"

Kisha akalitazama lile panga. "Warumi walikuwa na kisu kilichopinda, wakikiita sica. Aliyeua nacho wakamwita sicarius. Wahispania mpaka leo muuaji wa kukodiwa wanamwita sicario. Kisu chenyewe kimesahaulika, jina limemng'ang'ania mtu."

Mama akaongeza gazeti la pili bila kuambiwa.

Jamani, ndiko tulikofika? Kwetu Mbozi mgeni akiona panga ukutani alijua tu kwamba nyumba hii inalima.

Nje, kijana wa bodaboda akakikodolea macho kile kifurushi. "Shikamoo, mzee. Umebeba nini humo?"

Mwalimu wa Kilatini akakibana kifurushi kwapani.

"Mwiko wa ugali, mwanangu."