Mazuku Jikoni Kwetu

Jiko letu la Mugunga lilikuwa shimo. Papa alikuta nafasi kati ya mawe meusi ya volkano, akafurahi kwamba hatajenga kuta, akaezeka mabati juu na kuchonga ngazi fupi ya kushukia. Hakujiuliza kwa nini majirani wote walikuwa wameiacha nafasi nzuri namna ile.

Sababu ilikuwa mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mabondeni, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Huioni. Ukiinama ndani yake unalegea, na ukianguka ndiyo basi. Ilianza kwa kutuulia kuku. Tangu hapo, kila asubuhi mama alifunga mshumaa kwenye fimbo na kuushusha polepole hadi sakafuni. Ukizimika, hakuna kuingia mpaka jua lipande. Siku hizo chai ilichelewa, na sisi watoto tulinuna.

Vita vilipowafukuza watu wa Masisi, tulimpokea mwanamke kijana na mtoto wake mchanga. Mama alimwonyesha mshumaa na kumweleza yote. Mgeni aliitikia kwa adabu, lakini niliusoma uso wake: alidhani anafukuzwa jikoni ili asile maharage yetu. Mazuku hakuyajua huko kwao milimani; wenye nyumba wachoyo alikuwa ameshakutana nao njiani. Nilimchukia kwa wazo lile, maana mama alimpakulia yeye kwanza kila siku.

Asubuhi moja mizinga ilianza kulia upande wa Sake kabla hatujaamka vizuri. Risasi zikapita juu ya mabati. Tukalala kifudifudi chumbani, kama tulivyozoea. Mama alitupapasa mmoja mmoja, kisha akapiga kelele: "Mama wa mutoto eko wapi?"

Nilijua. Mtu aliyekimbia vita akiona shimo, anaingia.

Mama alitoka mbio, nami nyuma yake. Mgeni alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jiko, akichungulia nje. Mtoto alikuwa amemlaza chini kabisa, pale alipoona pana usalama.

"Toa mutoto kule chini! Kuko mazuku!"

"Banapiga masasi, na weye unasema nimutoe?"

Mama hakubishana. Alivuta pumzi, akaibana, akamsukuma na kushuka. Yule mwanamke alimng'ang'ania kitenge, akamwuma mkono, akilia kwamba wanamwulia mtoto. Mama alipanda na mtoto akining'inia kama nguo iliyoloa, midomo yake imekuwa ya buluu. Akasimama wima katikati ya ua, risasi zikivuma, akampulizia mdomoni. Akampulizia tena. Nilianza Salamu Maria na maneno yakanipotea. Nilitaka kujitupa chini kwa kuogopa risasi, na sikuthubutu kwa kuogopa mazuku.

Mtoto alikohoa. Kisha akalia, sauti nyembamba yenye hasira.

Mgeni aliliangalia shimo. Akaangalia juu, risasi zilikokuwa zikipita. Damu ilikuwa ikichuruzika mkononi mwa mama, na yeye aliiona.

"Mama," alisema polepole, "huku kwenu mutu anakimbiliaka wapi?"

Mama alimrudishia mtoto wake, akatuvuta hadi kwenye ukuta wa nyumba, na tukasimama.